Kutu ya Kifuani: Moshi wa Sigara Unavyokula Mapafu na Mishipa ya Damu



Ukiacha jembe nje wakati wa masika, siku chache tu baadaye utalikuta limegeuka rangi. Limeshika kutu. Lisugue kwa kidole, utaona unga mwekundu. Unga ule jana ulikuwa chuma. Mwaka hadi mwaka jembe linapungua, mpaka siku moja linakatika ukiwa katikati ya tuta. Hakuna aliyelipiga nyundo. Limeliwa na hewa na maji.

Somo letu la leo ni juu ya kutu ya namna hiyo, ila hii haiko kwenye jembe. Iko kifuani mwa mvuta sigara, na iko ndani ya mishipa yake ya damu. Sote tumekwisha ambiwa kwamba sigara ni mbaya. Hata pakiti yenyewe inasema hivyo. Lakini mtu akiambiwa "acha, ni mbaya" bila kuelezwa ubaya wenyewe uko wapi, anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu anawasha nyingine. Kwa hiyo leo tutafuata moshi huo hatua kwa hatua, tuone unafanya nini huko ndani. Soma taratibu. Mahali pagumu rudia mara mbili, au msomee mwenzako kwa sauti.

KUTU NI KITU GANI?

Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, sehemu 21 ni oksijeni. Bila oksijeni moto hauwaki na mtu haishi. Oksijeni ndiyo inayounguza chakula polepole ndani ya mwili ili tupate nguvu ya kulima na kutembea. Lakini ina tabia moja: inapenda kunyang'anya.

Inanyang'anya nini? Kila kitu kimejengwa kwa vipande vidogo mno, vidogo kupita vumbi. Vipande hivyo vinashikana kwa vitu vidogo zaidi viitwavyo elektroni. Kwa kawaida elektroni hukaa mbilimbili, kama maksai wawili kwenye nira moja. Oksijeni huvuta elektroni za chuma, na chuma kilichonyang'anywa si chuma tena, ni kutu. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi muda mrefu huchacha. Hiyo nayo ni kazi ya oksijeni.

Fanyeni jaribio hili darasani. Kateni bilinganya au ndizi katika vipande viwili. Kipande kimoja kipakeni maji ya limau, cha pili kiacheni hivi hivi. Baada ya saa moja tazameni. Kile kisichopakwa kimekuwa cheusi zaidi kwa sababu oksijeni ya hewani imekifanyia kazi. Limau limekinga kile kingine kwa uchachu wake na kwa vitamini C iliyomo. Kumbukeni jaribio hilo, tutalirudia mbele.

Sasa kuna vipande vingine ambavyo elektroni yake moja imebaki peke yake, haina mwenzake. Ni kama maksai aliyefungwa nira upande mmoja tu: hatulii, anakwenda ovyo, anavunja uzio. Kipande cha namna hiyo humvamia jirani yake na kumnyang'anya elektroni. Jirani naye sasa ana upungufu, basi anamvamia wa tatu. Wa tatu anamvamia wa nne. Wataalamu huviita vipande hivyo redikali huru. Sisi katika somo hili tutaviita wanyang'anyi, maana ndiyo kazi yao.

Usidhani kwamba wanyang'anyi hawa wanatoka nje tu. Mwili wenyewe hutengeneza baadhi yao kila siku unapounguza chakula. Askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe za damu, huwatumia kuua vijidudu. Ndiyo maana mwili umejiwekea walinzi. Vitamini C ni mlinzi, vitamini E ni mlinzi, na yupo mwingine anayetengenezwa na mwili wenyewe, jina lake glutathioni. Mlinzi humpa mnyang'anyi elektroni anayoitafuta, mnyang'anyi akatulia, na mlinzi mwenyewe asiharibikiwe kiasi cha kuvamia wengine. Walinzi wakitosha, hakuna neno. Taabu inaanza siku wanyang'anyi wanapozidi walinzi. Hali hiyo ya kuzidiwa ndiyo madaktari wanayoiita mkazo wa oksidi.

FUNDA MOJA LA MOSHI

Sigara ikiwaka, ndani ya moshi wake hutokea kemikali zaidi ya 7,000. Angalau 70 kati ya hizo zinajulikana kwamba huleta saratani. Tuziache hizo kwanza, tuwahesabu wanyang'anyi. William Pryor, mtaalamu wa kemia wa Marekani, alifanya kazi miaka mingi akipima jambo hili. Kwa makadirio yake, funda moja la moshi lina wanyang'anyi kama 1,000,000,000,000,000. Andika moja, kisha sifuri 15. Hilo ni funda moja, na sigara moja mtu huivuta mafunda kama 10 au zaidi.

Wengi wa wanyang'anyi hao hufa upesi. Lakini moshi unaacha pia kitu cheusi chenye kunata, yaani lami ya tumbaku, ile unayoiona imepaka vidole vya mvutaji rangi ya njano. Lami hiyo hukaa ndani ya mapafu na kuendelea kuzalisha wanyang'anyi hata baada ya sigara kuzimwa. Bwana amelala usingizi, kiwanda chake kifuani kinafanya kazi.

Walinzi nao wanakwisha. Damu ya wavuta sigara ina vitamini C kidogo kuliko ya wasiovuta, hata wakila chakula kile kile, kwa sababu vitamini hiyo inatumika upesi kupambana na moshi. Mvutaji anakula papai, sigara inalila papai lake.

Hapa niseme neno juu ya wanaosokota tumbaku yao wenyewe kwa karatasi. Wapo wanaoamini kwamba tumbaku ya shambani ni salama kwa kuwa haikupita kiwandani. Si kweli. Wanyang'anyi hawatoki kiwandani, wanatoka katika kuungua kwa jani. Jani lolote likiungua utawapata, iwe ndani ya sigara ya dukani, kiko, msokoto, au shisha wanayovuta vijana wa mjini wakidhani maji yanausafisha moshi. Na wale wanaosokotea gazeti, tafadhali, gazeti hili ni la kusoma.

VIFUKO VYA HEWA

Ukivuta pumzi, hewa inapita kooni, inaingia katika bomba kubwa, halafu katika mirija inayogawanyika na kugawanyika tena kama matawi ya mti. Mwisho wa matawi yote kuna vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo kati ya milioni 300 na milioni 500. Vikikatwa na kutandazwa chini vingefunika mita za mraba 70 hivi, karibu sakafu nzima ya chumba cha darasa. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kupita utando wa ndani wa yai. Upande huu kuna hewa, upande ule kuna damu. Oksijeni inapita hapo kuingia kwenye damu.

Vifuko hivi vinanyumbuka. Unapovuta pumzi vinajaa, unapotoa vinarudi vyenyewe kama mpira. Kinachovirudisha ni nyuzi za elastini, na tafadhali lishike neno hilo.

Moshi ukiingia, kwanza unakuta mirija. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kuupeleka juu kooni. Moshi unavilemaza, na baadaye unaviua. Wakati huo huo ukuta wa mirija unavimba na kutoa makohozi mengi. Mfagiaji hayupo, takataka zimezidi. Kilichobaki ni kukohoa. Kile kikohozi cha asubuhi ambacho wavutaji wanakiita "kikohozi changu tu cha kawaida" si cha kawaida hata kidogo. Kikiendelea mwaka hadi mwaka ni mkamba sugu.

KISU NA ALA YAKE

Sasa tufike kwenye vifuko vyenyewe. Hapa ndipo penye jambo ambalo wavutaji wengi hawajawahi kuelezwa.

Mwili ukiona moshi, unadhani umevamiwa na adui. Unapiga mbiu. Askari, zile chembe nyeupe za damu, wanakimbilia mapafuni kwa wingi. Kila askari amebeba kisu. Kisu hicho ni kimeng'enya kiitwacho elastasi, na jina lake linakuambia kazi yake: kinakata elastini. Kina faida yake, maana kinamsaidia askari kuua vijidudu na kusafisha mahali palipoharibika. Lakini kisu kilicho wazi katika nyumba ya kuta nyembamba ni hatari. Kwa hiyo ini linatengeneza ala za kuvifutika visu hivyo. Ala hiyo inaitwa alfa-1 antitripsini. Inazunguka ndani ya damu, inafika mapafuni, na kila ikikuta kisu kimezagaa inakishika isikiachie tena.

Tulijuaje haya? Mwaka 1963 huko Malmö, nchini Sweden, madaktari Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walikuwa wakipima damu za wagonjwa. Wakakuta watu wachache ambao damu yao karibu haina kabisa alfa-1 antitripsini. Walizaliwa hivyo. Na baadhi yao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya wangali na umri mdogo. Visu vilikuwepo, ala hazikuwepo.

Basi mvuta sigara naye, mbona ala anazo? Anazo, lakini zimeshika kutu. Wanyang'anyi wa moshi huishambulia ala hiyo mahali pale pale inapokamatia kisu. Ikishanyang'anywa hapo haikamati tena vizuri. Kwa hiyo moshi unafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: unaita askari wengi wenye visu, na unaharibu ala za kuvifutika visu hivyo. Askari wenyewe nao humwaga wanyang'anyi wengine zaidi, wakidhani wanapigana na vijidudu. Zipo na njia nyingine za uharibifu, maana visu si vya aina moja, lakini ukiielewa hii umeelewa kiini chake.

Nyuzi za elastini zinakatika. Kuta za vifuko zinatoboka. Vifuko kumi vidogo vinaungana kuwa kimoja kikubwa, legelege, kisichorudi. Lile darasa la mita 70 linapungua kidogo kidogo. Hewa inaingia lakini haitoki vizuri, kwa sababu hakuna cha kuisukuma. Mgonjwa anahema kama aliyepandisha mlima na gunia, kumbe ametoka kitandani kwenda mlangoni. Ugonjwa huu madaktari huuita emfizima. Ukichanganyika na ule mkamba sugu, kwa jumla huitwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa.

Ubaya wake ni kwamba hautoi taarifa mapema. Mapafu yana akiba kubwa. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya vifuko vyake bila kuhisi, kwa kuwa shughuli zake za kila siku hazihitaji vyote. Mara nyingi huanza kuona taabu akiwa amepita miaka 40, wakati kuta zimekwisha bomoka. Kuta hizo hazijengeki tena. Hakuna dawa leo inayorudisha kifuko kilichotoboka. Dawa za kuvuta kwa pampu zinafungua mirija na kumpa mgonjwa nafuu, lakini hazirudishi vifuko.

Angalizo moja. Anayekohoa wiki mbili au zaidi asijitibu kwa kusema "ni sigara tu". Aende zahanati apimwe makohozi, maana huenda ni kifua kikuu, na kifua kikuu kinapona kwa dawa. Tena uvutaji wenyewe huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu.

Na akina mama je? Wengi wa mama zetu hawajagusa sigara maisha yao yote, lakini wengine wanapata ugonjwa huu huu. Kuni nazo ni jani na mti unaoungua. Miaka 30 ya kupuliza moto wa kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha ni miaka 30 ya kuvuta moshi. Kuni zikauke kwanza, jiko lipate tundu au bomba la kutolea moshi juu, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni mama anapopuliza moto.

DAMU NAYO

Mtu anaweza kusema, moshi unaingia mapafuni, sasa mshipa wa mguuni unahusika vipi? Unahusika kwa sababu ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba, kama tulivyosema. Kinachofika kwenye vifuko kinafika kwenye damu, na damu inakwenda kila mahali.

Mshipa wa damu si bomba kavu kama la maji. Ndani umetandikwa utando laini wa seli. Zamani wataalamu waliudhani utando huo ni kama rangi ya ukutani tu. Aliyeonyesha kwamba sivyo ni Robert Furchgott wa New York. Alikuwa akifanya majaribio kwa mishipa ya sungura, na mwaka 1980 alitangaza matokeo yake. Mshipa wenye utando wake ukitiwa dawa fulani hulegea na kutanuka. Ukiusugua ndani ukautoa ule utando, dawa ile ile haiulegezi tena. Kwa hiyo utando ndio unaotoa amri ya kulegea. Baadaye ikagunduliwa kwamba amri hiyo ni hewa iitwayo nitriki oksidi. Kwa ugunduzi huo Furchgott na wenzake Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Hewa hiyo ndiyo inayofanya mishipa ifunguke unapopanda mlima au kubeba mzigo, ili damu ipite kwa wingi. Inazuia pia damu isigande ovyo na isinate kwenye ukuta. Sasa fikiri wanyang'anyi wakiikuta njiani. Wanaikamata. Nitriki oksidi inapotea, na katika kukutana kwao anazaliwa mnyang'anyi mwingine mkali kuliko wa kwanza. Mshipa unabaki umekaza. Damu inakuwa nyepesi kuganda ovyo.

Si maneno ya kukisia. Mwaka 1993 David Celermajer na wenzake walitoa matokeo ya kupima mishipa ya mikono ya watu wenye afya, wengi wao vijana. Walifunga mkono kwa mpira kama wa kupimia presha, wakaufungulia, kisha wakatazama kwa mashine jinsi mshipa unavyotanuka. Mishipa ya wasiovuta ilitanuka vizuri. Ya wavutaji ilitanuka kidogo tu, na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo mshipa ulivyozidi kuwa mgumu. Vijana hao walijiona wazima kabisa. Mwaka 1996 wakaonyesha kwamba hata vijana wasiovuta, lakini wanaoishi au kufanya kazi na wavutaji, mishipa yao ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Baba anayevuta ndani ya nyumba asome sentensi hiyo mara ya pili.

Kisha kuna mafuta. Damu hubeba mafuta yaitwayo kolesteroli kuyapeleka mwilini. Mafuta hayo yakijipenyeza chini ya utando uliodhoofika, wanyang'anyi wanayachachisha, kama yale mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi. Askari wakiyaona yamechacha wanayala. Wanakula, wanavimba, wanashindwa kutoka, wanafia humo humo ukutani. Miaka inapita, ukuta wa mshipa unajaa kitu kama uji mzito. Uji ndio hasa, maana jina ambalo madaktari wanauita ugonjwa huu limetokana na neno la Kigiriki la zamani lenye maana ya uji. Njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku moja uji ule unapasuka, damu inakimbilia kuganda juu yake, donge linaziba njia. Likiziba mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Likiziba wa ubongo, ni kiharusi. Mguuni, vidole vinakufa ganzi, vinakuwa vyeusi, na huenda mguu ukakatwa.

"MIMI NAVUTA MBILI TU"

Kwa mapafu, anayevuta kidogo anaharibikiwa polepole kuliko anayevuta sana. Lakini mishipa haina hesabu ya namna hiyo. Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza walikusanya matokeo ya tafiti 141. Wakaona kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba kati ya theluthi moja na nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Mtu angetegemea iwe sehemu moja ya 20. Kupunguza kutoka 20 hadi mbili ni hatua, sikatai, lakini kwa moyo bado uko njiani.

Wengine watasema: babu yangu alivuta kiko mpaka akafika miaka 90. Inawezekana. Wapo pia waliovuka mto wenye mamba mara 100 wakarudi salama. Hatuwaulizi hao tu, tunawauliza na waliobaki mtoni, ila wao hawajibu.

Na wasomaji wetu wa Tabora, Urambo na Kaliua watauliza, mbona mnalisema vibaya zao linalotulipia ada za watoto? Somo hili ni juu ya kuvuta. Mkulima anajua vizuri kwamba si kila kitu anachouza lazima kiingie kifuani mwake.

JE, VIDONGE VYA VITAMINI VITASAIDIA?

Msomaji makini atakuwa amekwisha fikiri hivi: kama tatizo ni wanyang'anyi kuzidi walinzi, si tuongeze walinzi? Kumbukeni limau na bilinganya. Hata wataalamu walifikiri hivyo hivyo, na hawakuwa wajinga.

Nchini Finland walichukua wanaume 29,133 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wote wavuta sigara. Wengine walipewa kila siku vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya njano iliyo ndani ya karoti, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yakatolewa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi kuliko wasiomeza. Zaidi, si pungufu! Vitamini E haikuwakinga. Marekani nako kulikuwa na jaribio la watu 18,314, wengi wao wavutaji au waliowahi kuvuta, waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Likasimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu waliomeza vidonge walikuwa wakipata saratani kwa asilimia 28 zaidi.

Inaelekea kwamba mlinzi aliyeingizwa kwa wingi mno katikati ya moshi naye hunyang'anywa, akageuka kuwa mmoja wao. Mwili si bilinganya. Kwa hiyo kula mapera, mapapai, machungwa, mchicha na kisamvu, maana ni chakula bora kwa kila mtu. Lakini anayekuuzia vidonge mnadani akisema vinasafisha mapafu ya mvutaji, mwache na vidonge vyake.

KUACHA KUNA MAANA GANI?

Baada ya yote haya, mvutaji wa miaka mingi anaweza kusema, basi nimekwisha haribika, niendelee tu. Hapo ndipo anapokosea hesabu, na hesabu yenyewe ipo.

Mwaka 1951 huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wanaume 34,439, wavutaji na wasiovuta. Waliwafuatilia kwa miaka 50. Ripoti ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba wavutaji walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa kama miaka 3. Aliyeacha na miaka 50 aliokoa 6. Wa miaka 40 aliokoa 9, na wa miaka 30 karibu yote 10.

Mishipa ndiyo inayoshukuru upesi. Siku chache baada ya sigara ya mwisho, ile hewa ya sumu ya ukaa, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, imekwisha toka kwenye damu. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya moyo imepungua karibu nusu. Mapafu ni wagumu wa kusamehe. Vifuko vilivyotoboka havirudi. Lakini Charles Fletcher na Richard Peto walionyesha mwaka 1977 kwamba mtu akiacha, mapafu yake yanapungua nguvu kwa mwendo wa mtu asiyevuta, si kwa ule mwendo wa mbio wa mvutaji. Aliyebaki na nusu ya nguvu anaweza kuitunza hiyo nusu.

Kuacha ni kazi, tusidanganyane. Nikotini inafika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvuta, na ubongo umeizoea. Siku za kwanza mtu anakuwa na hasira, hapati usingizi, anaona njaa. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, na baada ya wiki tatu au nne hali inapoa. Kikohozi kinaweza hata kuongezeka mwanzoni, kwa kuwa vile vinyweleo vya kufagia vinaanza kuamka. Wengi hurudi kwenye sigara hapo wakisema "kuacha kumeniletea kikohozi". Chagua siku, uwaambie mkeo na watoto ili wakuvumilie. Kaa mbali na kilabu cha pombe kwa mwezi huo, maana glasi na sigara ni marafiki. Hamu ikija, kunywa maji au tafuna mswaki, itapita baada ya dakika chache. Ukishindwa mara ya kwanza, chagua siku nyingine. Waliofaulu, wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kisu ni nini, ala ni nini, na moshi unafanya nini kwa kila kimoja?

2. Kwa nini mshipa wa mkono wa kijana asiyevuta uliharibika? Katika nyumba zenu watu huvutia wapi, na nani hukaa karibu nao?

3. Mtu mmoja anakohoa mwezi wa pili sasa, na anasema ni sigara. Kikundi kimshauri nini, na nani atakwenda naye zahanati?

4. Hesabu. Ulizeni bei ya sigara moja katika duka la kijiji chenu. Mtu anavuta sigara 6 kwa siku. Atatumia shilingi ngapi kwa siku 365? Linganisheni jibu na bei ya madaftari, au ya bati moja.

5. Tazameni majiko matatu ya hapa kijijini. Moshi unatokea wapi? Pimeni kwa mkono ni wapi pa kutoboa tundu, na mjadiliane ni nyumba ipi ianze wiki hii.